HOMA YA VIRUSI WAKATI WA MIMBA: JE, MAZIWA YA MAMA INAHARIBIKA?

Mama mupenzi, kijitabu hiki ni kwa ajili yako wewe mwenye mimba, na wewe uliyezaa karibuni. Ni kwa baba pia, na kwa mama mukwe, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaamua mutoto anyweshwe nini. Wanafunzi wa uuguzi nao wanaweza kukitumia wakati wanafundisha wamama siku ya kupima mimba.

Kuna maneno yanayosikiwa katika vijiji na hata mujini. Mama alikuwa na homa kali wakati wa mimba, kisha anazaa. Siku ya kwanza na ya pili maziwa inatoka kidogo tu. Mutoto analia. Jirani anasema: "Ile homa ilichoma maziwa. Iko mubaya sasa. Usimupe mutoto." Basi wanaleta maji ya sukari, ao uji mwepesi, ao maziwa ya ng'ombe ndani ya chupa. Nyuma ya siku chache mutoto anaharisha, macho yanaingia ndani, na wanamukimbiza ku hospitali. Watu wanasema ni ule ugonjwa wa mimba uliomufuata. Hapana. Mara nyingi ni chupa ndiyo iliyomuleta.

Lakini kuna upande mwingine. Magonjwa machache ya virusi yanaweza kweli kupita katika maziwa, na liko moja linalotuamuru kusimamisha kunyonyesha mara moja. Kwa hiyo haifai kusema "kila homa inaharibu maziwa," wala haifai kusema "hakuna shida hata kidogo." Inafaa kujua ni ugonjwa gani, na unagusa mwili kwa njia gani. Tusome pamoja, polepole.

1. VIRUSI NI NINI?

Virusi ni mikrobe midogo sana. Haviwezi kuzaa vyenyewe. Vinaingia ndani ya mwili na kutumikisha nyama ya mwili wetu ili vitengenezewe virusi vingine. Mafua, surua, Korona, hepatiti B, SIDA, Mpox na Ebola, yote ni magonjwa ya virusi. Antibiotike kama amoksisiline haiwezi kuua virusi. Usiende ku soko kununua kinini za rangi mbili ukifikiri zitamaliza mafua.

Angalia neno hili muzuri: katika inchi yetu homa ya mwenye mimba mara nyingi ni malaria, na malaria si virusi. Inaletwa na mbu, ina kipimo chake na dawa yake. Kwa hiyo mama mwenye mimba akisikia mwili moto, asikae nyumbani akisema "ni mafua tu." Aende kituo cha afya siku ile ile, wamutoe damu kwenye kidole. Malaria isiyotunzwa inaweza kuua mama na mutoto.

2. HOMONI NI KAMA BARUA

Ili ujue kama homa inaweza kugusa maziwa, lazima ujue kwanza nani anaita maziwa. Ni homoni. Homoni ni kama barua. Sehemu moja ya mwili inaiandika, damu inaibeba, na sehemu nyingine inaisoma na kutii. Kwa kazi ya maziwa kuna barua nne kubwa.

Projesteroni. Katika miezi ya kwanza inatoka katika mayai ya mama, kisha kondo la nyuma linashika kazi ile. Projesteroni inatuliza kizazi ili mimba isitoke, na inasaidia matiti kukomaa. Lakini inafanya pia kazi ya zamu kwenye mulango. Tangu katikati ya mimba matiti yanaanza kutengeneza maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, lakini zamu anafunga mulango ili maziwa mingi isitoke mbele ya wakati. Siku mutoto anazaliwa na kondo linatoka, zamu naye anaondoka. Mulango unafunguka. Ndiyo sababu maziwa mingi inafika siku ya pili, ya tatu, ao hata ya ine. Kwa hiyo maziwa kidogo siku ya kwanza si ugonjwa. Tumbo la mutoto siku ile linatoshelewa na kijiko kimoja kidogo kwa kila kunyonya, karibu mililita 5. Ile ya manjano ndiyo chakula chake na chanjo yake ya kwanza. Usiimwage.

Prolaktini. Hii inaandikwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, yenye ukubwa kama punje ya maharagi. Inaambia matiti: "Tengenezeni maziwa." Nani anaiamsha? Ni kinywa cha mutoto. Kila mara anaponyonya, barua nyingine inatumwa. Usiku inatumwa kwa wingi zaidi. Mama anayemunyonyesha mutoto muchana tu na kulala usiku wote, anapoteza barua nyingi.

Oksitosini. Prolaktini inatengeneza maziwa, oksitosini inaisukuma itoke. Tena inakaza kizazi nyuma ya kuzaa ili damu isitoke nyingi. Lakini barua hii inaogopa kelele. Maumivu makali, woga, ugomvi ndani ya nyumba, vinaweza kuizuia kwa muda. Maziwa iko, lakini haitoki muzuri.

Kortizoli. Ni homoni ya taabu. Mwili unaihitaji kwa kiasi, hata kwa kutengeneza maziwa. Lakini mama akipita katika ugonjwa mukali ao uchungu wa kuzaa uliokawia sana, taabu ile inaweza kufanya maziwa ifike na kuchelewa.

3. VIRUSI VINAGUSA HOMONI KWA NJIA GANI?

Sasa tunaweza kujibu ulizo letu. Kuna njia tano.

Njia ya kwanza ni kondo la nyuma. Kondo ndilo jiko la mutoto, na ndilo linaandika barua nyingi za mimba. Virusi vingine vinafika pale na kuliumiza. Pengine hata vita ambavyo mwili wa mama unapigana navyo vinaliumiza. Kondo likigonjwa, mutoto hali vizuri, anazaliwa mudogo, ao mimba inatoka.

Njia ya pili ni kuzaa mbele ya wakati. Ugonjwa na homa kali vinaweza kuamsha uchungu. Sasa, matiti yanamaliza kutengenezwa katika miezi ya mwisho ya mimba. Mutoto akizaliwa kwa miezi saba, matiti hayakupata muda wote. Tena mutoto mwenyewe hana nguvu ya kunyonya, kwa hiyo prolaktini haiitwi vya kutosha. Maziwa inakawia, lakini inaweza kuja, kama mama anasaidiwa.

Njia ya tatu ni taabu ya mwili na ya moyo. Mama mwenye homa hali, hanywi, halali. Anaogopa kufa, anaogopa mutoto kufa. Tulisema oksitosini inaogopa kelele. Woga ni kelele ya ndani.

Njia ya ine ni kutokwa damu nyingi wakati wa kuzaa. Magonjwa mengine ya virusi yanaumiza maini, na maini ndiyo yanasaidia damu igande. Mama akipoteza damu nyingi sana, ile tezi ndogo chini ya ubongo inaweza kukosa damu na kuumia. Muganga Muingereza aliyeitwa Sheehan aliandika juu ya jambo hili mwaka 1937. Mama wa namna hii anaweza kukosa maziwa kabisa, kisha kukosa kwenda mwezini, na kuwa muchovu daima. Jambo hili ni la mara chache, lakini muuguzi alikumbuke. Tena kipande cha kondo kikibaki ndani ya kizazi, kinaendelea kutuma projesteroni: zamu hajatoka mulangoni! Mama ambaye siku ya ine hana maziwa, na bado anatoka damu nyingi ao yenye harufu mubaya, arudi maternite upesi.

Njia ya tano ni kutenganisha mama na mutoto. Kwa kweli njia hii inakausha maziwa ya wamama wengi. Mama anawekwa chumba kimoja, mutoto chumba kingine. Hakuna kinywa kwenye titi, hakuna barua. Nyuma ya siku chache watu wanasema: "Unaona? Ugonjwa umemaliza maziwa." Ugonjwa haukumaliza. Barua ndiyo haikuandikwa.

Ona vizuri, mama: katika njia zote tano, maziwa inaweza kukawia ao kupunguka, lakini haigeuki sumu. Maziwa haiungui na homa. Haiozi ndani ya titi.

4. MAMA ANAPOGONJWA, MAZIWA INAKUWA DAWA

Mwili unapopigana na virusi unatengeneza askari wa kumujua adui yule. Askari wale wanapita katika maziwa na kupaka koo na matumbo ya mutoto. Mama anayekohoa tayari amemupulizia mutoto virusi vya mafua mbele hata yeye mwenyewe hajajua kama anagonjwa. Akiacha kunyonyesha siku ile, anamunyima mutoto askari wakati vita vimefika mulangoni. Chupa haina askari hata mumoja.

5. UGONJWA KWA UGONJWA

Mafua na Korona. Endelea kunyonyesha. Mwaka 2020, wakati Korona ilipoenea katika dunia, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilifundisha kwamba mama mwenye Korona anyonyeshe mutoto wake na akae naye. Funika kinywa na pua kwa maski ao kitambaa safi, nawa mikono na sabuni mbele ya kumushika mutoto. Lakini mwenye mimba akikosa pumzi, aende hospitali bila kukawia, kwa sababu mafua makali na Korona vinawaumiza wenye mimba kuliko wanawake wengine.

Surua. Kwa mwenye mimba ni ugonjwa mukali: unaweza kuleta ugonjwa wa mapafu, kutoa mimba, ao kuzaa mbele ya wakati. Chanjo ya surua haitolewi wakati wa mimba. Inatolewa mbele, ao nyuma ya kuzaa, hata kama mama ananyonyesha. Kama hospitali inatenga mama na mutoto kwa siku chache, maziwa ikamuliwe na mutoto apewe kwa kikombe.

Rubela. Mama hasikii sana ugonjwa, ni vipele vidogo na homa kidogo. Lakini katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba unaweza kuharibu macho, moyo na masikio ya mutoto tumboni. Muganga wa macho Gregg alionyesha jambo hili kule Australia mwaka 1941. Mutoto aliyezaliwa hivi, mama amunyonyeshe. Anahitaji maziwa ya mama kuliko wengine.

Hepatiti B. Virusi vyake vinapita zaidi kwa damu, saa ya kuzaa. Kunyonyesha hakukatazwi. Kinga kubwa ni chanjo ambayo mutoto anapewa ndani ya saa 24 za kwanza za maisha. Kwa hiyo mama akubali kipimo cha damu wakati wa mimba, na kama virusi vinaonekana, muganga anaweza kumupa dawa ya tenofovire. Matiti yakiwa na vidonda vinavyotoka damu, ayatunze kwanza.

Tetekuwanga na herpesi. Mama akishikwa na tetekuwanga siku chache mbele ao nyuma ya kuzaa, ni hatari kwa kichanga: uite muganga mara moja. Herpesi ikitoa malengelenge juu ya titi, mutoto asinyonye titi lile mpaka lipone. Titi lingine, kama ni safi, anyonye.

VIH, virusi vya SIDA. Hapa tukae kidogo. Ni kweli, virusi hivi vinaweza kupita wakati wa mimba, wakati wa kuzaa, na katika maziwa. Bila dawa, kwa watoto 100 wa wamama wenye VIH, kati ya 15 na 45 wanaweza kushikwa. Lakini mama akimeza dawa zake kila siku, na mutoto akipata dawa yake, hesabu ile inashuka chini ya 5. Kwa hiyo fundisho la leo ni hili: kunywa dawa kila siku bila kuruka, munyonyeshe mutoto maziwa tupu miezi 6 ya kwanza, bila maji, bila uji. Kisha umuanzishe chakula huku unaendelea kunyonyesha mpaka miaka miwili, na dawa zako pia zinaendelea.

Kwa nini maziwa tupu? Chakula kingine na maji machafu vinachubua matumbo ya kichanga, na virusi vinapata mulango. Mwaka 1999 waganga wa Durban, Afrika ya Kusini, walionyesha kwamba watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vyakula vingine walishikwa na VIH kuliko wale walionyonya maziwa ya mama tupu. Wakati ule wamama hawakuwa na dawa za kila siku. Leo dawa ziko. Mama anayezificha dawa kwa kuogopa bwana wake, kisha anaziruka, anamuweka mutoto katika hatari. Baba, kama unasoma neno hili: usimufanye bibi yako aogope. Muende pamoja, mupimwe pamoja.

Titi likivimba, likiwa na usaha ao likipasuka, mwenye VIH asinyonyeshe titi lile mpaka lipone. Akamue na kumwaga, na aende kituo cha afya.

Mpox. Ugonjwa huu ulijulikana kwa mara ya kwanza kwa mutu hapa kwetu, mwaka 1970, katika eneo la Basankusu. Mwaka 2023 na 2024 ulienea sana Kivu ya Kusini, kuanzia Kamituga. Unaumiza mimba. Pale Kole, katika Sankuru, kati ya mwaka 2007 na 2011 waganga waliandika habari za wenye mimba wane walioshikwa: mumoja tu alizaa mutoto muzima. Ugonjwa unapita kwa kugusana na vidonda. Kwa hiyo kunyonyesha kunaamuliwa na muganga kwa kila mama: vidonda viko wapi, mutoto ana umri gani, kuna maziwa gani nyingine salama. Mama asiamue peke yake, na jirani asimuamulie.

Ebola. Sasa ndilo lile moja tulilotaja. Ebola ilijulikana Yambuku mwaka 1976. Tuliiona Kivu ya Kaskazini na Ituri toka mwaka 2018 mpaka 2020, watu zaidi ya 2 200 walikufa. Mwaka 2025 ilitokea Bulape, katika Kasai. Virusi vya Ebola vinaonekana ndani ya maziwa. Mama akishikwa na Ebola, ao hata kama inazaniwa tu, kunyonyesha kunasimama mara moja. Mutoto anatengwa na mama, anapewa maziwa nyingine salama na waganga, na anaangaliwa siku 21. Usimupe mwanamuke mwingine amunyonyeshe, hata kama ni dada ya mama: mutoto akiwa tayari ameshikwa, atamuambukiza. Mama akipona, maziwa yake inapimwa. Anaweza kuanza tena kunyonyesha kama vipimo viwili vinavyofuatana, vyenye kuachana saa 24, havionyeshi virusi.

Najua agizo hili ni zito. Mama anayesikia mutoto wake akilia upande wa pili wa plastiki, na matiti yanajaa, ana uchungu usio na jina. Muuguzi asimukemee. Amueleze, na amuonyeshe mutoto kwa mbali kila siku. Kama kipimo kinaonyesha kwamba haikuwa Ebola, arudishiwe mutoto wake na titi siku ile ile.

6. MAZIWA IKIKAWIA, TUFANYE NINI?

Isipokuwa pale muganga amekataza, fanya hivi:

a) Saa ya kwanza. Mutoto akizaliwa, awekwe juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na kitambaa juu yao wote wawili. Anyonye ndani ya saa ile.

b) Mara nyingi. Mara 8 mpaka 12 kwa muchana na usiku. Usiku usirukwe.

c) Kama mutoto hawezi kunyonya, kamua kwa mikono. Anza ndani ya saa chache nyuma ya kuzaa, kisha kila saa 3. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma ya sehemu nyeusi ya titi. Sukuma kuelekea kifua, kisha bana na kuachilia. Usivute chuchu. Siku ya kwanza yatakuwa matone tu. Usicheke matone. Ni barua unayoandika kwa mukono badala ya kinywa cha mutoto.

d) Mupe kwa kikombe kidogo ao kijiko kilichochemushwa. Chupa na chuchu ya plastiki ni ngumu kusafisha. Maziwa iliyokamuliwa isikae nje zaidi ya saa 4 wakati wa joto.

e) Mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati abebwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, muchana na usiku. Joto la mama linamulinda, na harufu ya mutoto inaita oksitosini.

f) Mama ale na kunywa. Bugali na sombe, maharagi, ndagala, mayai, lengalenga, karanga. Si lazima nyama kila siku. Akiwa na kiu, anywe maji safi. Pombe haileti maziwa, hata kama wazee wanasema hivyo.

g) Maziwa iliyokauka inaweza kurudi. Mama aliyesimamisha kunyonyesha kwa majuma mawili kwa sababu ya ugonjwa anaweza kumurudisha mutoto kwenye titi. Anyonye mara nyingi, hata kama titi liko tupu. Mara nyingi maziwa inarudi katika siku chache ao majuma machache. Wakati ule, mutoto aendelee kupewa chakula chake kwa kikombe na apimwe uzito.

7. DAWA ZINAZOPUNGUZA MAZIWA

Pengine si virusi vinavyopunguza maziwa, ni dawa iliyonunuliwa kwa kutunza virusi. Kinini za mafua zenye pseudoefedrine zinapunguza maziwa. Kinini za kupanga uzazi zenye estrojeni nazo zinaweza kuipunguza. Mama anayenyonyesha aulize namna isiyokuwa na estrojeni. Kwa homa na maumivu, parasetamoli inafaa, kwa kiasi ambacho muganga amesema. Mwenye mimba asimeze ibuprofeni bila ruhusa, zaidi katika miezi ya mwisho. Dawa za miti zenye kuharisha mutoto ao kumusafisha tumbo, hapana.

8. NENO KWA BABA NA KWA MAMA MUKWE

Baba, usiulize kila saa: "Maziwa iko wapi?" Ulizo lile linaifunga. Chota maji, tafuta kuni, fukuza wageni wenye makelele, shika watoto wakubwa. Ile ni dawa ya oksitosini ambayo hakuna farmasi inauzisha.

Mama mukwe, wewe ulilea watoto, na neno lako linasikiwa kuliko la muuguzi. Ukisema "mupe titi tena," atalitoa. Ukileta chupa, ataipokea kwa heshima yako, hata kama moyo wake unakataa. Tunakuomba uwe upande wa titi.

9. NAMNA YA KUJUA KAMA MUTOTO ANATOSHELEWA

Kulia si kipimo. Kipimo ni mikojo: toka mwisho wa juma la kwanza, anakojoa mara 6 ao zaidi kwa siku, na mukojo uko mweupe. Kipimo cha pili ni uzito: unashuka kidogo siku za kwanza, kisha nyuma ya majuma mawili unarudia ule aliozaliwa nao.

Kimbia hospitali kama mutoto anakataa kunyonya, ana mwili moto ao baridi, anapumua mbio, analegea, ana macho ya manjano sana, ao hakojoi. Kimbia pia kama mama ana homa, anatoka damu nyingi, anaumwa sana na kichwa, anakosa pumzi, ao titi limevimba na kuwa jekundu.

YA KUKUMBUKA

– Homa ya mwenye mimba ipimwe siku ile ile. Inaweza kuwa malaria.
– Virusi vinaweza kukawisha maziwa kwa kuumiza kondo, kuzalisha mapema, kuleta taabu, damu na kutengana. Haviigeuzi sumu.
– Karibu kila ugonjwa wa virusi: endelea kunyonyesha.
– Hepatiti B: chanjo ya mutoto ndani ya saa 24, na titi.
– VIH: dawa kila siku, na maziwa tupu miezi 6.
– Mpox: uliza muganga.
– Ebola: simamisha mara moja, mpaka vipimo vya maziwa viseme.
– Maziwa inaitwa na kinywa cha mutoto. Ukikosa kinywa, tumia mukono.

Ukiisha kusoma, usikifiche kijitabu hiki ndani ya sanduku. Musomee jirani asiyejua kusoma, zaidi yule aliyezaa jana na sasa wanamutengenezea maji ya sukari.